Pankrasi Luambano Hakupotea

Marehemu Pankrasi Luambano alizaliwa tarehe 12 Mei 1984 katika kijiji cha Mpitimbi, Songea, mtoto wa pili wa marehemu mzee Kosmas Luambano na mama Aurelia. Mama ndiye aliyetaka kisa cha vifaranga kisomwe leo mazikoni. Alimtuma Pankrasi, angali mdogo, alinde vifaranga uani. Mwewe akaja akabeba kimoja, akarudi kubeba kingine, na mlinzi amekaa chini anamtazama anavyopanda akizunguka bila kupiga bawa. "Nilimweka alinde," mama husema, "kumbe nimempa mwizi mshangiliaji."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mjini Songea mwaka 2003, kisha akajifunza useremala. Karakana yake ya mtaa wa Lizaboni, mjini Songea, ilisifika kwa vitanda na milango. Mwaka 2009 padri mmoja mgeni, mwenye ndege ya mbao isiyo na injini, alimletea aunge bawa lililovunjika. Kazi ilipokwisha padri akamfundisha kuirusha, na alipostaafu akamwachia.

Ndege ya namna hiyo haihitaji rubani peke yake. Rafiki yake Abasi, dereva kutoka kijiji cha Nakapanya, aliivuta kwa kamba nyuma ya gari, na mwingine alishika ncha ya bawa akikimbia nayo mpaka ishike upepo. Ikishapanda, rubani hutafuta hewa ya joto, kama yule mwewe. Akiikosa hutua popote palipo wazi, na dereva humfuata na trela. Kwao hiyo ilikuwa sheria: aliyetua hufuatwa siku hiyo hiyo. Mshika bawa alikuwa Walburga Gama, binti wa jirani. Walifunga ndoa kanisani mjini Songea tarehe 1 Oktoba 2011, na Walburga aliendelea kukimbia na bawa akiwa mjamzito, hadi mama mkwe alipomkataza.

Sasa yasemwe yale ambayo Pankrasi hakuyasema. Novemba 2019 timu hii ilialikwa Afrika Kusini, kwenye mashindano ya kimataifa ya ndege za mbao. Siku chache kabla ya safari, katibu wa chama cha mchezo huo, ambaye jina lake halitachapwa hapa, aliwaondoa Abasi na Walburga. Akajiweka yeye kuwa dereva, na mwenzake wa ofisini kuwa mshika bawa. Hata hivyo, siku ya tatu Pankrasi alikuwa nafasi ya tatu. Alasiri hewa ya joto ikakata, akatua salama kwenye shamba la mahindi, akampigia simu katibu na kumtajia barabara na jina la shamba. "Kaa hapo hapo, nakuja," katibu akajibu. Alikuwa madukani na gari la timu, na baada ya hapo simu yake haikupatikana. Mvua, iliyoanza na mawe, iliipiga ndege usiku kucha. Pankrasi alivua koti akafunika maungio ya bawa, yeye akabaki na shati. Asubuhi mbao zilikuwa zimevimba, na waamuzi wakakataza ndege isiruke tena.

Katibu alirudi akatangaza redioni kwamba rubani alipotea njia. Songea ikacheka. Wateja waliingia karakanani wakisema, "Fundi, kitanda changu kisipotee kama wewe." Walburga alitaka kwenda redioni, mumewe akamzuia: "Mama Dorine, achana nao. Mimi najua nilipotua." Alinyamaza kwa kumheshimu mumewe, lakini hasira ilibaki ndani, na ipo hadi leo. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii imetambaa miaka yote hiyo hadi kaburini.

Mwaka 2023 Pankrasi alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Songea, kisha Dar es Salaam, alikofariki Jumanne, tarehe 8 Julai 2025. Katibu alipiga simu kutoa pole, akaahidi gari la chama: "Familia msihangaike, mwili tutaleta sisi." Walburga alisubiri nje ya chumba cha maiti tangu asubuhi hadi jioni. Simu ya katibu haikupatikana. Abasi alipopata habari hakuuliza zamu ni ya nani. "Shemeji, usilie na simu," alimwambia. "Mwenzangu akitua, wa kumfuata ni mimi."

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, Dorine na Aidan, na dada yake Benigna. Katibu ametuma salamu kwamba atafika na shada la maua. Karibu, mgeni hafukuzwi msibani. Hotuba yake haimo kwenye ratiba.

Pankrasi hakupotea. Safari ile alitua, akasema alipo, hakufuatwa. Safari hii amefuatwa: Abasi alimfikisha Mpitimbi jana, jua halijazama.

Upumzike kwa amani, Baba Dorine. Umefika.