Televisheni ya Rangi kwa Maganga

Asubuhi ya Mafinga ina baridi ya kukunja mtu, ndiyo maana benchi langu la kahawa, mbele ya kiwanda cha mbao, halikosi watu. Mimi namimina, wao wanabishana, na sijui nani kawaambia kikombe kimoja kinatosha hotuba ya nusu saa. Siku hiyo, mwaka sabini na sita, hoja ilikuwa nzito. Saulo, mpasua mbao, tulimwita Vidole Kumi kwa kuwa peke yake kwenye msumeno ule bado alikuwa navyo vyote. Juzi yake gogo lilibana, msumeno ukadaka mkono wa koti lake. Alipiga kelele injini izimwe, lakini Maganga, mwendesha injini, yuko nyuma ya ukuta na hakusikia kitu. Koti likaliwa mpaka kwenye kiwiko. Sasa ilitakiwa taa ya kumpa Maganga ishara, na Didas, dereva wa lori la mbao, alikuwa anakwenda kuinunua Mbeya.

— Semeni haraka, alisema Didas. Nilete taa gani?

— Nyekundu ya kawaida, alisema Saulo. Iwake, jamaa azime. Basi.

— Ushamba huo, alidakia Andendekisye, tuliyemwita Injinia kwa sababu aliwahi kulala kwenye gereji moja Mbeya. Lete ya rangi tatu. Kijani, mambo shwari. Njano, gogo limenuna. Nyekundu, zima.

— Mpaka zifike kwenye nyekundu, mimi niko hospitali.

— Basi televisheni. Unguja wanayo, tena ya rangi. Maganga atakuona mzima mzima, mpaka masharubu.

— Ya rangi inachelewa, alisema Didas, ambaye hajawahi kuiona hata siku moja. Picha inapita kwenye waya. Ukiipakia rangi zote zile inakwenda na mzigo, kama lori langu kwenye mlima Kitonga. Chukua nyeusi na nyeupe.

— Nyeusi na nyeupe, damu ataijuaje? aliuliza Injinia.

— Jamani, alisema Saulo, nimeoa Jumamosi. Pete bado inanibana. Nataka kidole cha pete kibaki.

Tulicheka, naye akacheka, ila mkono aliuficha kwapani. Nilimwonea huruma kwa kweli. Hapo akatokea bibi harusi mwenyewe, Rozalia, mzaliwa wa Ipogolo, Iringa, kamletea mumewe chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa na kamba.

— Kamwene, alitusalimu kwa Kihehe.

— Kamwene, shemeji.

Aliwasikiliza wakirudi kwenye uzito wa rangi, kisha akauliza taratibu:

— Samahani, shemeji Maganga akiwa kazini huwa anatazama wapi?

Injinia alikohoa. Didas akachungulia kikombe chake. Hata mimi, ninayejua kila mtu anaweka sukari kiasi gani, nikageuka kumtafuta Maganga. Maganga mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi muda wote huo, kaupa mgongo moto wa jiko langu, macho kafumba kama kawaida yake. Hakuna aliyemuuliza neno tangu asubuhi.

Rozalia akafungua ile kamba ya bakuli, akainama, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa Maganga. Ncha akampa mumewe.

Saulo akavuta.

Maganga aliruka, akapiga teke birika langu, na kabla kahawa haijafika chini mkono wake ulishashika hewani mahali ambapo kiwandani huwa pana swichi.

— Nimezima, alisema, usingizi bado umemjaa.

Saulo aliutoa mkono kwapani, akamshika mkewe mbele yetu sote.

— Didas, lete kamba.

— Na birika, nikasema.