Benchi la Mama Monique Kahindo, Muuguzi wa Koboko na Ediofe (1957–2025)

Padri, wazee wetu, ndugu, majirani, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, asanteni. Mimi ni Chrispin, mtoto wa dada yake marehemu. Wasifu huu, isipokuwa habari ya kifo chake, niliuandika akiwa hai, kwa amri yake. Aliusikiliza mara mbili, akafuta neno "mpole", akasema wote aliofanya nao kazi wangecheka mbele ya jeneza.

Aliniachia na amri nyingine mbili. Ya kwanza, benchi lake la mbao liwekwe hapa mbele na mtu asilikalie. Wajomba wawili wameshainuliwa asubuhi hii, tunawaomba radhi. Ya pili, habari ya Concy isomwe yote, kwa sauti, kabla jeneza halijashuka. Concy yupo, nimemwona pale karibu na masufuria.

Marehemu Monique Kahindo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Aru, Kongo, binti wa Gaspard, mfanyabiashara wa vitenge, na Madalena Masika. Mwaka 1963 familia ilihamia upande huu wa mpaka, Vurra. Baba yake alipenda kusimulia kwamba siku ya kuvuka, mtoto huyu wa miaka sita alimuuliza ofisa wa forodha kwa nini kidonda cha mkono wake hakijafungwa. Ofisa aliwapitisha upesi, kwa aibu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Ediofe, kisha sekondari. Alipenda biolojia na aliichukia kemia kwa moyo wote, lakini alikesha nayo mpaka ikamkubali. Mwaka 1975 aliingia chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu 1978. Vita vilipokuja mwaka uliofuata alirudi Aru pamoja na maelfu ya watu wa hapa, akawahudumia katika zahanati ya mahema. Huko ndiko alikojifunza Kikakwa, juu ya Kiswahili na Kilingala alivyozaliwa navyo na Kilugbara cha utotoni Vurra. Alisema mgonjwa anayeeleza maumivu kwa lugha ya mwenzake anaeleza nusu tu.

Alirudi mwaka 1986 akapangiwa Koboko, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu Machi 2017. Sijui aliwapokea watoto wangapi wakizaliwa. Najua tu kwamba ukitembea naye sokoni Koboko ulifika nyumbani jioni, kwa sababu kila mwanamume mwenye ndevu alikuwa "mutoto yangu", na kila mmoja alikumbushwa mbele ya wateja wake kwamba alizaliwa kwa kutanguliza miguu.

Mumewe alimpata kwa sindano. Mzee Onzima, wakati huo wakala wa forodha pale Oraba, alikuja na homa kali akadai vidonge, akisema mwanamume wa mpakani hachomwi sindano. Marehemu alimwambia, "Baba, vidonge iko. Na kaburi pia iko. Chagua." Alichomwa. Wiki iliyofuata alirudi akiwa mzima kabisa, akauliza kama hakuna sindano nyingine. Walifunga ndoa kanisa kuu la Ediofe, Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988. Mzee Onzima, ulimpenda sana, na sisi sote tuliona.

Alipostaafu wakahamia Ediofe, na hapo ndipo benchi lilipoanza. Kila Jumamosi saa tatu alilitoa nje, na vijana waliotaka kazi za afya wakaja kumuuliza njia. Walitoka Arua yote, Vurra, Koboko, hata Aru. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Wewe iko nataka kazi, ao iko nataka koti nyeupe?" Kijana akijibu kwamba anataka kusaidia watu, aliambiwa, "Kila mutu nasema hivyo. Hata mwizi."

Halafu hakumpa ushauri hata kidogo. Alimpa mgonjwa. Kijana alipewa mzee au mama mmoja wa jirani, akabeba beseni na mkeka wake, akakaa naye kwenye foleni ya hospitali kuanzia asubuhi hadi dawa itoke. Aliyerudi akilalamika juu ya foleni aliambiwa atafute kazi nyingine. Aliyerudi akijua jina la mgonjwa, dawa zake na anakolala, huyo alikaribishwa kukaa. Hapo sasa wakaongea: masomo gani ashikilie, chuo kipi kimesajiliwa na kipi ni kibao tu barabarani, na kwamba hospitali haina madaktari na wauguzi peke yao. Kuna maabara, kuna dawa, kuna usingizi wa upasuaji, kuna mtu wa mafaili ambaye asipokuwepo wote wanapotea.

Mimi mwenyewe nilikwenda nikitaka udaktari. Aliniangalia wiki tatu, akasema, "Chrispin, wewe hapana penda watu sana. Wewe napenda vitu ikae kwa mustari. Enda kwa dawa." Sikumsemesha miezi miwili. Leo ndimi mtunza dawa Koboko, chupa zangu zinatazama upande mmoja, na nina furaha ambayo naionea haya kidogo.

Kwa hiyo mjue kwamba jicho lake lilikuwa kali, na mara nyingi liliona sawasawa. Sasa nafika kwa Concy.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni 2018. Concy alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuja kutoka Koboko, akarudisha mgonjwa wake wa foleni akijua kila kitu chake, hata jina la mbuzi wake. Marehemu alifurahi. Wakati huo huo akaletwa jirani yetu Mzee Aliga, amejikata mguu kwa jembe. Marehemu alimpa Concy beseni ashike. Marehemu alipofungua kitambaa kilichofunga jeraha, Concy alianguka, yeye na beseni na maji yote, juu ya Mzee Aliga.

Vijana kumi na mmoja walikuwa wamekaa hapo. Mbele yao wote marehemu alisema, "Huyu mutoto hapana faa kwa hii kazi. Tafutia yeye cherehani." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Concy alijifuta maji, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Neno la Mama Monique lilitembea haraka kuliko gari. Nyumbani Koboko walimwambia Concy aachane na ndoto hiyo, kama Mama Monique amesema basi imekwisha. Aliuza chai Oraba, kwa madereva wa malori yanayovuka mpaka kwenda Kaya, miaka miwili na zaidi. Kisha akaenda kujiunga na chuo mbali sana na hapa, mahali ambapo hakuna aliyemjua, akamaliza mwaka 2023.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu 2019, na mwaka huu figo zilichoka. Mwezi wa Septemba alilazwa hapa Arua. Wauguzi watatu walimtafuta mshipa wakashindwa. Aliwaambia mishipa yake imejificha kama wachuuzi waliomwona mtu wa forodha. Wakamwita muuguzi wa nne, msichana mrefu mtulivu, na sindano ikaingia mara moja.

"Nani nakufundisha?" marehemu akauliza.

"Mama, mimi ile mutoto ya cherehani," akasema Concy.

Marehemu alicheka hadi chupa ya maji ikatikisika. Kisha akauliza, "Wewe naanguka bado?"

"Siku ingine. Mi nakaa chini, nakunywa maji, nasimama tena."

"Na ile siku, nini ilikuangusha?"

"Mama, ile siku mi hapana kula. Mi natoka Koboko na lori, giza bado iko. Toka jana yake, chai tu."

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Nilimwona marehemu akigeukia ukuta. Baadaye aliniambia, "Mimi nauliza yule mutoto vitu kumi. Hapana uliza kama nakula. Muuguzi gani hiyo?" Alitaka kutolewa nje, Jumamosi, mbele ya vijana, alifute neno lake pale pale alipolisemea. Alijaribu mara mbili. Miguu haikumbeba. Ndipo akasema, "Nilisema mbele ya watu. Utasoma mbele ya watu. Ukiruka, mi naamka."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, mkono wake ukiwa katika mkono wa Concy. Ameacha mume, Mzee Onzima, watoto watatu, Gaspard, Harriet na Nadine, wajukuu saba, na wauguzi, wakunga na watu wa maabara wengi wanaoweza kukwambia jina la mgonjwa wao wa kwanza wa foleni.

Haya ndiyo maneno yake, neno kwa neno: "Mimi Monique nilikosea juu ya Concy. Yeye nafaa. Yeye nafaa kuliko mimi. Kila mutu aliyecheka, asikie."

Nimesikia, Mama. Nisamehe, Concy, nilicheka.

Ameniagiza pia nikuulize lile swali ambalo hakukuuliza, kwanza kabisa, kabla ya jingine lolote. Concy, umekula leo? Kama bado, masufuria uko nayo hapo, ule, sisi tutangoja. Ukimaliza, njoo ukae. Benchi hili ni lako, na Jumamosi saa tatu vijana watafika.

Monique Kahindo alale kwa utulivu. Zamu yake imepata mtu wa kuipokea.