Yamepungua ama Umeyazoea?

Treni ya Kikuyu ilitoka mjini ikiyumba polepole, na mvua ikafunika vioo mpaka nje pakawa kama pahali pa ndotoni. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amekalia tako la kushoto, na mzee jirani yake tako la kulia. Walitazamana, wakacheka.

"Nyonga?" mzee akauliza.

"Nyonga. Walinitia skrubu pale inapokutana na uti wa mgongo. Daktari alisema mifupa itashikana. Imekataana kama wake wenza. Sasa anataka kunifungua tena."

"Kubali, mama. Mimi nimefunguliwa mara mbili."

"Na maumivu?"

"Yamepungua."

"Yamepungua ama umeyazoea?"

Mzee aliegemeza kichwa kwenye kioo tukapita Kibera yote. Nilidhani amelala; hata mimi usingizi ulikuwa unanibembeleza. Kisha akasema, "Mke wangu anasema yamepungua."

"Basi heri ningeketi na mkeo."

"Usipofanya utalalia upande mmoja hadi kaburini."

"Na nikifanya, mifupa ikatae tena? Nina mjukuu, baba. Sijawahi kumbeba mgongoni hata siku moja."

Tulipokaribia Dagoretti mzee akaanza kuaga, akimsifu daktari wake. Mama akamkatiza: "Maneno nimesikia. Sasa simama nikuone."

Mzee akashika chuma cha kiti, akavuta pumzi. Behewa zima tukakodolea macho kiuno cha mtu mzima bila haya, na treni ikasimama kabla yake.