Mkutano wa Saa Kumi

"Si ulisema yule mwanafikra mweusi unayemsoma vitabuni anataka wananchi wajisemee wenyewe?" fundi cherehani alimbana kwa swali jirani yake kinyozi kwenye foleni ya bomba.

"Ndiyo, dada! Jana saa kumi niliitisha mkutano tudai maji ya kila saa. Hakuja hata paka!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bomba hutoa maji saa kumi tu, na jana saa hiyo wananchi wote walikuwa hapa bombani na ndoo zao. Kinyozi angejuaje? Siku zote huchota mkewe, na leo mama wa watu kagoma. Barua ya madai mfukoni mwake ilikuwa na sahihi moja, yake.

"Lete nisaini, kisha ipitishe nyuma," fundi alisema.

Barua haijafika mkiani mwa foleni, bomba likakohoa, likakauka, ndoo ya kinyozi ingali tupu.

"Haya, kiongozi," fundi alimwambia. "Mkeo yuko kwangu tangu asubuhi, anakula. Beba ndoo yangu iliyojaa, nawe uingie ule."