Blanketi Lenye Zipu

Ilikuwa asubuhi ya Julai, kwenye Noah ya abiria ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na dirisha letu lilikuwa halifungi. Kijana wa siti ya mbele yangu alifunga koti hadi karibu na kidevu. Alimwamkia mama wa makamo aliyeketi pembeni yake, shikamoo ikapokelewa vizuri, mpaka mama alipoona kofia ndogo ya sufu ikichungulia kwenye zipu.

"Huyo ni mtoto?"

"Wangu, mama. Njiti, kazaliwa kabla ya miezi yake. Tumeruhusiwa hospitali leo."

"Mama yake yuko wapi?"

"Amelala siti ya nyuma. Tunapokezana kumbeba."

Mama alimtazama kana kwamba kijana amesema kajifungua mwenyewe. "Sisi kijijini kwetu Kisanga tunawafunika mablanketi mawili, tunawabeba mgongoni. Kifua cha mwanaume kina joto gani?"

"Blanketi halina joto lake, mama. Mimi ninalo. Nesi amenifundisha: ngozi kwa ngozi, uso wazi apumue. Wodini tulianza wababa wawili, mwenzangu akakimbia. Blanketi la huyu ni mimi!" Alisema kwa sauti iliyomfikia dereva, ambaye hakuwa ameuliza.

"Mablanketi mawili," mama alirudia. "Nimelea sita, na wote wanashika jembe."

Walibishana hadi Mikumi, mtoto akisinzia bila kuegemea upande wowote. Mlango ulipofunguliwa, baridi ikatuvamia. Mama akavua kitenge chake, akamzungushia kijana mabegani, akakaza fundo.

"Si umesema blanketi ni wewe? Basi blanketi haliruhusiwi kuugua."