Miji Mitano ya Hudson Mwasi

Hudson Mwasi amepika katika hoteli yetu ya Kilima Chekundu, Voi, kwa miaka thelathini na mmoja. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anavua aproni na kustaafu akiwa mpishi mkuu. Mimi ni Mbithe, mkata vitunguu, ambaye jikoni mnaniita Susu, yaani bibi. Sikusoma. Ninasema, na Valentine wa ofisini anaandika. Nimemkataza kunirembeshea maneno.

Hudson alishuka kutoka kwao Wusi, milimani, mwaka wa 1994 akaanza kwa kuosha sufuria. Mpishi wa wakati huo alikuwa Mwitaliano, mzee wa makelele na roho safi, na kila chakula alikiita kwa jina la mji. Nyama ya kusaga iliyochemka polepole tangu asubuhi ilikuwa ya Bolonya. Ya ndama, iliyovikwa makombo ya mkate ikakaangwa, ilikuwa ya Milano. Mrihani uliotwangwa na kitunguu saumu ulikuwa wa Jenova. Piza ilikuwa ya Napoli, na nyama ile nyembamba isiyopikwa ilikuwa ya Parma. Mzee alipokwenda kwao, Hudson alibaki na miji yote mitano kichwani, yeye ambaye mwisho wa safari zake ni Mombasa.

Akaigawanya jikoni. Tanuri likawa Napoli, kikaango Milano, sufuria kubwa Bolonya, friji Parma. Mimi na kinu changu tukawekwa Jenova, na huko nimekaa miaka ishirini na miwili bila pasipoti. Mama yake Elijah, kijana wetu wa tanuri, alipiga simu siku moja kutoka Rukanga, akajibiwa kwamba Elijah yuko Napoli na hawezi kushika simu. Kesho yake mama alikuwa getini na mchungaji na mashangazi wawili, wote wanalia kwamba mtoto amevuka bahari bila kuaga. Elijah akatoka na unga hadi kwenye nyusi. Mama alimkumbatia, kisha akamzaba kofi.

Hudson amefundisha wapishi kumi na mmoja na hajamtukana hata mmoja, ingawa wengine walistahili. Mbegu za msonobari za kutwangwa na ule mrihani wa Jenova zilipokosekana alitia korosho, na wageni wakalamba sahani.

Sasa nifike mahali pagumu. Amenituma mwenyewe. "Susu, sema yote," aliniambia. "Nisiage watu na uongo."

Julai ya mwaka juzi Hudson alishikwa na homa kali. Homa ilipoondoka, ilikwenda na pua yake na ulimi wake. Hakumwambia mtu. Wiki ya pili nilionja sufuria ya Bolonya kabla haijapelekwa mezani, na ilikuwa chumvi tupu. Yeye alikuwa ameionja mbele yangu na kusema iko sawa. Nikaipiga sufuria teke, ikamwagika yote, nikapiga kelele kwamba nimeteleza. Mliniona mzee wa kuanguka ovyo. Vizuri, mlivyoona ndivyo nilivyotaka.

Nyuma ya stoo nilimuuliza, "Tangu lini?" Alikaa juu ya gunia la viazi akanieleza huku akilia kama mtu aliyefiwa. Daktari alikuwa amemwambia huenda ladha itarudi, huenda isirudi. Hudson alijua mpishi asiyeonja anaambiwa aende nyumbani, na alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Nikamwambia, "Acha kulia kwenye viazi vya watu. Ulimi ninao mimi."

Kuanzia siku hiyo, kila chungu kilipita kwangu. Nikigonga kinu mara moja, anaongeza chumvi. Mara mbili, anaacha. Mlidhani natwanga, kumbe naongea. Mwaka jana bibi mmoja mzee kutoka Bolonya yenyewe aliomba mpishi aitwe. Akamshika mikono, akamwambia kwamba nyama ile ni ya mama yake hasa, na machozi yakamtoka. Hudson aliinama kwa heshima, akarudi ndani, akasimama akiutazama ukuta. Alikuwa amepika chakula cha kumliza mgeni, naye hakujua kina ladha gani. Nilimpa maji.

Ladha haijarudi. Msidanganyane kwamba itarudi akipumzika.

Lililomtesa zaidi ni Tryphena, mkewe. Kila alipopanda Wusi alipikiwa kimanga, ule muhogo na maharagwe ya kupondwa anaoupenda tangu utoto, na kila mara alisifu. Aliogopa kwamba akistaafu na kukaa naye kila siku, mkewe atagundua. Jumapili iliyopita alikaza moyo akamwambia. Tryphena hakushtuka. Tangu Pasaka alikuwa akimpakulia kimanga bila hata chembe ya chumvi, na mumewe anakisifu. Alikuwa akingoja tu aambiwe.

Basi Hudson, wapishi uliowafundisha wanakushukuru, na menejimenti inakushukuru. Mimi nakushukuru kwa kuniamini na kazi yako. Nina hasira na hiyo homa, na sitaisamehe. Shika jembe, lala mchana, usikubali kuitwa harusini kupika bure. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na watu wa kula nao. Tryphena ametuma salamu kwamba kwenye chakula chako amerudisha chumvi, anaitia kama zamani, uisikie usiisikie.