Nakala Tatu za Onesphore Kwizera

Baba Padri, mwenyekiti wa kijiji, majirani, na ninyi mliotoka Mbarara alfajiri, mimi ni Cassien, ndugu wa Marcienne, mke wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, lakini kabla sijaanza nawaomba kwa heshima mzime simu zote, hasa zinazopiga picha, na sababu mtaisikia humu humu.

Marehemu Onesphore Kwizera alizaliwa tarehe 14 Februari 1974 nchini Burundi, mkoa wa Makamba, katika kilima ambacho mjane ameniomba nisikitaje, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na kwa kuwa nafasi ya sekondari haikupatikana, akajifunza ushonaji kwa masista wa parokia kwa miaka miwili, akawa fundi wa sare za shule, mtu wa watu, mwenye maneno machache na macho makali, kiasi kwamba alikukadiria kiuno kwa kukutazama tu, jambo ambalo baadhi ya mama zetu hapa hawakulipenda hata kidogo.

Tarehe 23 Agosti 1997 alifunga ndoa na dada yangu Marcienne, wakajaliwa watoto watatu, ambao mnawajua, kwa hiyo sina haja ya kuwataja.

Mwezi Mei 2015 aliwaona watu wawili wakimchukua jirani yake, akawatambua, na jirani alipopatikana amekufa, akamwambia mjane wa jirani huyo majina yao, na juma lile lile akaonywa kwamba ulimi wake ni mrefu, akaondoka na familia kupitia Tanzania, akakataa kubaki huko kwa kuwa ni karibu mno na kwao, akavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kupokelewa katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale tarehe 9 Juni 2015. Alishona kwenye baraza moja pale Base Camp, katikati ya kambi, na kuanzia mwaka 2018 akawa anakwenda Kakoba, mjini Mbarara, siku tatu kwa juma, katika duka la vitambaa la Mama Kyomugisha.

Duka hilo lilivunjwa tarehe 2 Machi 2021, asubuhi marehemu alipokuwa akifika kazini, akakutana na mwizi uso kwa uso, na tarehe 17 Novemba akaitwa Mbarara kutoa ushahidi mahakamani. Aliapa kwa Biblia, na wakili wa mshtakiwa, akitaka marehemu aonekane mtu asiyeaminika, akamuuliza kwao ni wapi, alikimbia nini, anamwogopa nani, na sasa analala wapi, naye Onesphore akajibu yote, kilima chake, majina ya wale wawili, kijiji chake cha hapa Nakivale na namba ya nyumba. Sisi wengine tungesema tumesahau. Yeye aliamini kwamba mtu akishaapa hana ruhusa ya kusahau.

Mwizi alifungwa, tukafurahi, maisha yakaendelea, hadi Januari 2024, binti mkubwa wa marehemu alipotafuta jina la baba yake mtandaoni kwa simu, kwa mchezo tu, na hukumu ya kesi ile ikatokea, ya kusomwa bure na yeyote duniani, na chini yake mstari mdogo ukisema kwamba mwenendo mzima wa kesi, yaani kila swali na kila jibu, hupatikana papo hapo kwa ada, ada isiyofikia bei ya mkungu wa matoke, na pembeni idadi ya nakala zilizokwisha kulipiwa, siku ile sifuri. Marehemu alikwenda hadi ofisi za serikali kule Kamukuzi, Mbarara, mlango kwa mlango, kuuliza namna ya kuondoa jina lake, akaelekezwa mahakamani, na karani mmoja akamwonea huruma, akamwambia kwa Kiswahili cha huku, mzee, hii kitu si yako peke yako, ni ya watu yote, kama unataka batoe, tafuta wakili.

Tangu siku ile alimwomba binti afungue ukurasa ule kila Jumapili baada ya misa. Tarehe 21 Aprili 2024 idadi ikawa moja, akageuza cherehani yake ili akishona awe anaiona barabara. Tarehe 15 Septemba ikawa mbili, akaacha kazi ya Kakoba bila kuaga, hata mkasi wake akauacha mezani. Tarehe 9 Februari 2025 ikawa tatu, akahamisha familia siku hiyo hiyo, na jirani yetu Mkongomani, Mzee Semahoro, ambaye hata kanisa letu si moja, akamfungulia nyumba akisema, mukubwa, fasi iko, ingia na batoto. Lakini hofu nayo ilihama pamoja naye. Alilala na viatu, alikataa kuitwa jina lake sokoni, alikonda, na daktari alipompima akamkuta na presha ya kutisha.

Tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama mlangoni, dereva akaita kwa sauti jina zima, Onesphore Kwizera, na marehemu akaanguka hapo hapo. Dereva alikuwa ametumwa na Mama Kyomugisha kurudisha mkasi, na majirani ndio waliomwelekeza nyumba. Marehemu alikimbizwa zahanati ya Base Camp, kisha hospitali Mbarara, akafariki tarehe 6 Mei saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Jana mchana, tulipokaa kuandika historia hii, binti yake alilia akasema nakala ya kwanza aliilipia yeye, kwa sababu baba hakuwahi kuwaambia walikimbia nini, na alipomwona baba akiigeuza cherehani akashindwa kukiri. Nakala ya pili niliilipia mimi, nimpelekee wakili, nikanyamaza nikitaka nimletee shemeji habari njema siku moja, na habari hiyo haikupatikana. Nasoma mstari huu kwa aibu. Tukaulizana ya tatu ni ya nani, tukaulizana tena, na katika familia yetu hakuna aliyeilipia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Base Camp na wa Mbarara, Mzee Semahoro na watu wa kanisa lake, Mama Kyomugisha, ambaye tunamwomba asijilaumu, mafundi wenzake wa Kakoba, na majirani wote mliochota maji na kupika siku hizi tatu.

Jambo la mwisho. Leo saa moja asubuhi niliufungua ukurasa ule, na idadi sasa ni nne. Kama aliyelipia ya tatu au ya nne yuko hapa kati yetu, na alisoma kwa nia njema, Marcienne anakuomba usogee mbele kabla hatujashusha jeneza, akuone uso, alale leo. Na kama hujitokezi, basi ninyi wengine wote, mkiulizwa na mgeni yeyote mjane na watoto wamekwenda wapi, semeni hamjui, na kweli hamtajua.

Shemeji, wewe pumzika kwa amani, maana wewe hakuna tena wa kukutafuta.